Je, Mtoto Aweza Kuwa na Walimu Wawili?

Mwaka uliopita, katika mwezi wa nane, nilikwenda kumtazama dada yangu aliyeolewa na mvuvi katika kijiji kimoja kando ya ziwa letu la Tshangalele. Nilikuta furaha nyumbani. Mwana wao mkubwa alikuwa ameshinda mtihani wa kumaliza masomo ya msingi, tena nafasi ilikwisha kupatikana katika shule moja ya bweni huko Likasi. Dada alikuwa akihesabu franka za shuka na sabuni, shemeji akitafuta gari la kumpeleka. Mtu mmoja tu hakucheka. Ndiye kambo ya mtoto, yaani babu yake, mzee aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akitengeneza wavu. Nilipomsalimu alinijibu vizuri, kisha akaniuliza: “Mwalimu, wewe ni mtu wa masomo. Huyu mtoto mkimpeleka huko, mtanirudishia mtu, ao mtanirudishia mukanda tu?”

Wasomaji wa kwetu wajua kwamba mukanda ni karatasi, ni barua, ni kitabu. Lakini kwa ndugu zetu Wachokwe na Walunda, mukanda ndilo jina la kambi ya porini walikotengwa wavulana, wakatahiriwa, wakafundishwa mambo ya kiume na ya mababu mpaka siku ya kurudi kijijini wakiwa watu wengine. Sisemi kama ni neno moja au ni mawili yaliyofanana tu. Mzee yule ni Msanga, wala hakupita katika kambi hiyo, lakini alifanya kazi miaka mingi na watu wa makabila yote, akayajua maneno yao. Naona alikuwa akinichezea. Mukanda mmoja humfanya mtoto kuwa mtu. Mukanda wa pili humpa cheti.

Nilimjibu upesi, kama tujibuvyo sisi walimu: “Baba, atarudi mtu mwenye mukanda.” Akatabasamu, akaendelea na wavu wake. Usiku ule nililala vibaya, maana nilijua sikumjibu.

Basi, ndugu wasomaji, swali ni hili: je, mtoto aweza kulelewa katika imani na desturi ya wazee wake, na papo hapo kufundishwa elimu ya kisasa, pasipo kugawanyika moyoni? Na kama nyumba moja yafundisha yote mawili, nani mwenye nyumba, na nani mgeni?

Wengi wetu twadhani taabu hii ni ya Waafrika peke yao, kwa kuwa shule ililetwa kwetu na Wazungu. Sivyo. Watu wa India waliipata mapema kuliko sisi, wakaipigania, wakagombana juu yake wao kwa wao, na habari zao zafaa kusikilizwa hapa Katanga. Maduka ya Wahindi twayajua Lubumbashi. Tumenunua kitambaa na sufuria kwao. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mwenye duka jinsi alivyofundishwa kusali?

Zamani sana, mvulana wa Kihindu wa tabaka za juu, akifika miaka minane hivi, alivikwa uzi mtakatifu begani, akatolewa kwa mama yake, akapelekwa kukaa kwa mwalimu. Mwalimu huitwa guru. Mahali penyewe huitwa gurukula, na neno hili la pili, kula, maana yake ni ukoo au nyumba. Tazameni: hawakusema shule ya mwalimu, walisema nyumba ya mwalimu. Mtoto aliokota kuni za moto wa sadaka, alichunga ng’ombe wa mwalimu, aliomba chakula mlangoni mwa watu ili ajifunze unyenyekevu, akashika vitabu vitakatifu vya Veda kwa sikio na kwa kinywa, neno kwa neno, bila kukosea hata mlio mmoja. Karo haikuwako. Siku ya kuondoka ndipo alipotoa zawadi kwa mwalimu wake. Wenyewe walifikiri kwamba elimu haimwagwi kutoka mtungi hadi mtungi; mwanafunzi huipata kwa kuishi karibu na mtu aliyekwisha kuwa nayo, akimwona anavyoamka, anavyokula, anavyokasirika na kujizuia.

Mwaka 1835 serikali ya Waingereza ilikata shauri kwamba fedha yake itumike kueneza elimu ya Kiingereza. Vijana wakajifunza, wakapata kazi za ukarani na uanasheria, wakavaa suti. Wengi wakaanza kuona aya za babu zao kuwa ni kelele za wazee. Ndipo alipotokea mtawa mmoja wa Gujarat, jina lake Dayananda Saraswati, ambaye mwaka 1875 alianzisha huko Bombay chama cha Arya Samaj. Aliwahimiza Wahindu waiache ibada ya sanamu, waurudie ukweli wa Veda, tena wawafungulie watu wote elimu. Alikufa mwaka 1883. Wafuasi wake wakataka kumjengea ukumbusho, na mwaka 1886 wakafungua shule katika mji wa Lahore, yenye jina lake, ya kufundisha Veda pamoja na Kiingereza na sayansi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na kwa mwalimu yeyote ugomvi huu una ladha ya nyumbani. Mitihani ilikuwa ya serikali. Wanafunzi walitaka vyeti. Sasa, kitu kisichoulizwa katika mtihani, nani atakesha nacho? Kisanskriti kikawa kama chumvi iliyowekwa ukingoni mwa sahani: anayetaka achovye. Baadhi ya watu wa chama wakalalamika kwamba wamejenga shule ya serikali yenye jina la mtawa juu ya mlango. Wengine wakajibu kwamba kijana asiye na cheti hatasikilizwa na mtu, hata akiimba Veda nzima. Mwaka 1893 chama kikapasuka.

Kati ya wale waliolalamika alikuwako mwanasheria wa Jalandhar aitwaye Munshi Ram, ambaye baadaye alitwaa jina la kitawa la Swami Shraddhanand. Huyu aliapa kwamba hatarudi kulala nyumbani kwake mpaka akusanye rupia 30,000. Akazipata. Mwaka 1902 akafungua Gurukul ya Kangri, karibu na mji mtakatifu wa Haridwar, ng’ambo ya mto Ganges, mahali pa msitu. Wanawe wawili walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza, jambo ambalo namsifu kwalo, maana twawajua watu wanaosifu shule za kijijini huku watoto wao wako Ulaya. Watoto waliamka alfajiri, wakaoga, wakasali mbele ya moto, wakajifunza Kisanskriti. Lakini walijifunza pia fizikia na kemia, tena kwa lugha yao ya Kihindi, wakati ambapo wengi waliamini kwamba sayansi haisemeki kwa lugha ya mama. Vitabu havikuwako, walimu wakaviandika. Gandhi alifika hapo mwaka 1915, na wavulana wa shamba lake la Afrika ya Kusini walikuwa wamekaribishwa huko kabla yake. Mwaka 1924 mto ulifurika ukaharibu majengo, wakahamia ng’ambo ya pili, na hata leo ni chuo kikuu.

Sasa mwaona tofauti. Lahore waliikaribisha dini ndani ya shule ya kisasa. Kangri waliikaribisha sayansi ndani ya nyumba ya sala. Masomo yaweza kuwa yale yale kwenye karatasi; lakini mtoto ana akili kali kuliko ratiba, ajua upesi nani hapa ni mwenye nyumba. Ajua kwa kutazama ni jambo gani linalomfanya mwalimu mkuu atoke ofisini mbio.

Nasi je? Serikali ya Mobutu ilipotwaa shule za misioni mwishoni mwa mwaka 1974, na somo la dini likatolewa ili pafundishwe mambo ya chama, Wakatoliki tulilia. Mwezi wa pili wa 1977 mapatano yakatiwa sahihi, shule zikarudishwa mikononi mwa makanisa kuziongoza, na somo la dini likarudi. Tukashukuru Mungu, tena tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini nasema kwa aibu, mimi niliyelifundisha: lilirudi kama saa ya ratiba, kati ya jiografia na mazoezi ya mwili. Nimewapa watoto alama kumi juu ya kumi katika dini ambao sikujua kama husali. Shule yetu ilikuwa ya Lahore, nasi tulidhani ni ya Kangri.

Lakini tusiikimbilie Kangri kwa macho yaliyofumbwa. Watoto walipokelewa pale wakiwa na miaka saba au minane, na nia ilikuwa wakae mpaka ishirini na minne au na mitano, mbali na wazazi, bila kwenda nyumbani likizo. Je, ni haki? Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliulizwa kama yafaa kubatiza watoto wa Wayahudi bila ridhaa ya wazazi wao. Alijibu kwamba haifai, maana ni kinyume cha haki ya maumbile: mtoto, kabla hajafikia akili ya kujichagulia, yu chini ya ulinzi wa baba na mama. Toma hakuwa mtu wa kudharau ubatizo! Hata hivyo hakutaka jema kubwa kuliko yote lipite juu ya kichwa cha mzazi. Kama ubatizo haupiti hivyo, sembuse Kisanskriti, sembuse aljebra. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi, waliwaita wazazi walezi wa kwanza. Tamko hilo lilitangazwa tarehe 28 Oktoba 1965, siku ile ile lilipotangazwa tamko jingine juu ya dini zisizo za Kikristu, ambamo Wahindu wanatajwa kwa heshima, na tunaambiwa kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Sijui kama Maaskofu waliyaona matamko hayo mawili kuwa jambo moja. Mimi nimeanza kuyaona hivyo.

Kuna jambo zito zaidi. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na kufuli. Wahindu wenyewe wanasimulia katika utenzi wao mkuu wa Mahabharata habari za Ekalavya, mtoto wa watu wa msituni. Alimwendea Drona, fundi wa upinde aliyewafundisha wana wa mfalme, akaomba apokewe. Akakataliwa kwa ajili ya ukoo wake. Akarudi msituni, akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akajizoeza mbele yake kana kwamba ni mwalimu mwenyewe, mpaka akawapita wana wa mfalme. Drona alipogundua, akamwambia: ikiwa mimi ni mwalimu wako, nipe zawadi ya mwalimu. Kijana akafurahi, akauliza anataka nini. Drona akataka kidole gumba cha mkono wa kuume. Ekalavya akakikata akakitoa. Tangu siku hiyo hakupiga tena mshale kama zamani.

Nilipoisoma hadithi hii mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Naijua shule inayoomba kidole gumba. Wakoloni wa Kibelgiji walitufungulia shule za chini nyingi, na mapadre na masista walichoka jua na homa kwa ajili yake; lakini mlango wa juu ulifungwa, hata Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na uhuru ulitukuta mwaka 1960 tukiwa na wahitimu wachache mno. Hicho ni kidole kimoja. Kingine nilikitoa mwenyewe. Katika shule ya utoto wangu, ambayo sitaitaja, anayenaswa akisema lugha ya mama yake alivikwa kipande cha mti shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Nilijifunza Kifaransa vizuri. Nilijifunza pia kusikiliza wenzangu ili niwachongee, na kumwonea haya mama yangu alipokuja kunitazama na kunisalimu kwa sauti kubwa mbele ya watu.

Arya Samaj, kwa sifa yao, waliligonga kufuli lile. Walifundisha kwamba Veda ni ya wote, hata ya wale wa tabaka la chini, hata ya wanawake. Chama chao kilianza Nairobi mwaka 1903, na mwaka 1910 wakafungua huko shule ya wasichana, wakati ambapo Wahindi wengi wa Afrika ya Mashariki waliona kusomesha binti ni kutupa fedha. Yuko pia Nanji Kalidas Mehta. Alivuka bahari kutoka Gujarat akiwa mvulana, mwanzoni mwa karne ya 20, akafanya biashara Uganda, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari huko Lugazi, mji ambao tangu 1996 una askofu wake Mkatoliki. Mtu huyu, alipotajirika kwa miwa ya Uganda, alijenga katika mji wa Porbandar gurukul ya wasichana, wajifunze Kisanskriti na sala pamoja na masomo ya siku hizi. Nafurahi kufikiri kwamba jasho la Lugazi lilikuwa ndani ya matofali hayo, ingawa nauliza pia, kama mwalimu Mwafrika, ni binti wangapi wa wakata miwa walipata shule iliyo sawa na ile.

Kwa hiyo nyumba ya wazee si safi kwa sababu ni ya wazee. Nilitaka kumwambia hivyo kambo ya mtoto, na siku ya pili nikamwambia.

Nilimkumbusha habari ya shaba. Wasanga waliyeyusha shaba katika nchi hii kabla Wazungu hawajaja. Wakati wa kiangazi wafua walitoka kwenda machimboni, na aliyejifunza kazi hiyo hakujifunza moto upande mmoja na heshima ya mababu upande wa pili; miiko, maombi, mkaa na mivuo vilikuwa elimu moja. Ilikuwa gurukula kamili, bila jina hilo. Lakini ufundi huo ulikuwa siri ya wachache, na viwanda vilipokuja wenye siri wakazeeka. Tunaijua leo hasa kwa sababu Monseigneur de Hemptinne, mkuu wa misioni ya Wabenediktini wa Katanga, aliandika mwaka 1926 makala juu ya “walaji wa shaba”. “Baba,” nikamwambia, “nyumba ile ilifungwa vizuri hata ikafa na funguo ndani. Kilichobaki kimebaki kwa mukanda.”

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akanyosha mkono kwenye ziwa. “Baba yangu aliona haya maji yakipanda,” akasema. Ni kweli: ukuta wa Mwadingusha uliziba mto Lufira, na mwaka 1930 bonde likawa ziwa, ili viwanda vya Jadotville, yaani Likasi ya sasa, vipate umeme. “Mashamba yakaenda chini. Walituambia ni maendeleo. Na samaki wakaja, siwezi kukana, huyu mtoto amekula hao samaki. Lakini hakuna aliyetuuliza. Na umeme wenyewe, mwalimu, uko wapi?” Kijijini pale usiku walikuwa na taa ndogo za jua, na nyaya kubwa zapita mbali.

Nikamwelewa. Hakuwa akikataa maji. Alikuwa akiuliza nani aliulizwa.

Mtakatifu Agostino aliandika kwamba Mkristu aweza kutwaa elimu ya wapagani, kama vile Waisraeli walivyotoka Misri na dhahabu ya Wamisri. Mfano ni mzuri, lakini mwenye kusoma kitabu cha Kutoka huona kwamba watu waliotoka na dhahabu hiyo waliitoa kwa hema ya Bwana, na kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kufua pete zao kuwa ndama. Ni watu wale wale, tena jangwa lile lile. Musa alikuwa mlimani siku arobaini. Hapo naona neno la kweli kwa wazazi wa bweni: mtoto hapotei kwa sababu ya dhahabu aliyopewa, hupotea katika zile siku arobaini ambazo yule aliyemtoa nyumbani hayupo, wala hapana aliyeachwa mahali pake ila Haruni, mtu mwema, asiyeweza kusema hapana.

Basi tukakaa chini watatu, mzee, shemeji na mimi, dada akitusikiliza huku akisonga bukari, na akitukatiza kila tuliposema upuzi. Shemeji alitaka mtoto akae Likasi hata likizo fupi, kwa sababu ya nauli. Mzee akakataa. Wakabishana juu ya franka. Mwisho nikasema nitalipa nauli ya Noeli na ya Pasaka, na dada akasema niliandike. Nikaliandika. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza: “Sasa mukanda umefaa.” Kisha akauliza kama mapadre na walimu wa huko hula pamoja na watoto, ao hula peke yao. Sikujua. Nilimwahidi kuuliza, na nilipouliza baadaye nikajibiwa kwamba hula peke yao, isipokuwa mmoja. Nimemwandikia mtoto jina la yule mmoja.

Asubuhi ya safari mtoto alivaa viatu vipya vilivyombana. Mama yake alimpa rozari. Kambo akamwita chini ya mwembe, akampa kipande cha wavu ambacho hakijafika hata nusu, uzi uliobaki, na sindano yake ya mti, iliyong’aa kwa kushikwa miaka mingi. Akamwonyesha tena fundo, polepole, mara mbili, akiwa ameshika kidole gumba cha mtoto kukiweka mahali pake. “Noeli nitahesabu macho yake,” akamwambia.

Njiani nilitoa ile orodha ya shule ya vitu vinavyoruhusiwa bwenini, nikaisoma tangu juu hadi chini. Nyavu hazikuandikwa, wala hazikukatazwa.